Upande Wangu Hakuna Mzoga

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Hatimaye! Mungu ameikumbuka Butimba, na nikisema Butimba nina maana ya mimi.

Leo mkutano wa mtaa. Nilikwenda kwa kukosa pa kwenda, kama kawaida tangu serikali inipunguze kazini. Miaka yote nilikuwa Bwana Mifugo. Ng'ombe wa kata nzima walinijua kwa sauti! Halafu siku moja karatasi: asante, kwaheri, sasa ni soko huria. Mke wangu Wilhelmina anauza mitumba pale mwaloni, zinapotia nanga boti za samaki, na mimi ndiye mbeba belo. Bwana Mifugo mzima! Watoto wananiamkia shikamoo huku macho yako kwenye belo.

Basi, mkutanoni akasimamishwa mgeni. Daktari Bernadeta, mtafiti wa maradhi ya wanyama wa porini. Mama mfupi, miwani, viatu vya kupandia mawe. Akaeleza kwamba anawachunguza wanyama wa mwambao wetu: pimbi wa kwenye majabali, tumbili, kenge, fisi maji, ndege. Alisema ugonjwa wa porini haupigi hodi. Unaanza kwa mnyama, na ukiachwa unaingia nyumbani. Kwa hiyo anataka watu wa kumwangalizia, wamletee habari. Habari tu. Mzoga usiguswe. Na kabla hajaondoka atachagua mtu mmoja awe Msimamizi wa Mwambao. Mtu huyo atapewa pikipiki.

Pikipiki! Nimeiona kwa macho yangu, nyekundu, imeegeshwa nje ya ofisi ya kata. Nikainua mkono. Kumbe Chenge ameshainua wa kwake.

Huyu Chenge ni nani, jamani? Jirani yangu, karani mstaafu wa ushirika wa pamba. Mnyama pekee aliyewahi kushughulika naye ni panya wa ghalani. Lakini Daktari hajui mambo ya hapa, akatugawia ufuo. Kuanzia mwaloni mpaka jabali kubwa ni upande wangu. Kuanzia jabali mpaka kwenye matete ni upande wa Chenge. Alisema atatutazama kazi zetu.

Nimerudi nikamwambia Wilhelmina ajiandae kuitwa mke wa Msimamizi, belo alitafutie mbebaji mwingine. Akasema sawa, lakini la kesho bado nabeba mimi.

Jumanne, 8 Agosti

Nanenane. Mtaa mzima umekwenda kwenye maonyesho ya wakulima kushangaa maboga. Mimi nipo kazini. Ndiyo tofauti ya mtu na mtu.

Nilianza doria asubuhi na fimbo yangu ya zamani ya kazi. Mwaloni safi. Migombani safi. Nikafika chini ya jabali kubwa, msiba! Pimbi amelala chali, amekufa. Manyoya yamepukutika, ngozi imefanya magamba na nyufa. Nikazunguka jiwe, mwingine. Nikachungulia kwenye upenyo, wapo wengine, na mmoja bado mzima anajikuna kwa miguu yote miwili huku akinitazama.

Siku ya kwanza! Upande wangu! Hivi pimbi hawa walishindwa nini kutembea hatua chache wakafie kwa Chenge?

Mimi si mtoto katika kazi ya serikali. Ule mwaka wa homa ya mapafu ya ng'ombe, mwenzetu mmoja aliandika taarifa kwamba ng'ombe wanakufa. Wakubwa wakaja na Landrova, wakamuuliza ng'ombe wanakufaje na yeye yupo, wakamhamishia porini kabisa na yupo huko hadi leo. Mimi niliandika kwamba hali ni shwari. Nikapewa cheti na blanketi. Ng'ombe walikufa vilevile, ila kwa utulivu.

Basi nikafuata jembe la Wilhelmina, nikawazika wote. Yule mzima nilimfukuza aende upande wa pili. Hakwenda. Mkaidi.

Jioni Wilhelmina aliuliza jembe lake limepata wapi udongo mbichi. Nikamwambia nilikuwa bustanini. Akauliza bustani ya nani, maana sisi hatuna. Wanawake wana maswali!

Jumatano, 9 Agosti

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tumepeleka taarifa. Nilimwachia Chenge atangulie, nimheshimu kwa umri. Akaanza kusoma majanga yake: tumbili wawili wamekufa chini ya mwembe wa misheni, ndege mweupe amevunjika bawa, na kenge mmoja anatembea upande. Nilikuwa nacheka moyoni. Nikasema maskini, huyu amejimaliza mwenyewe, kwake ni jehanamu tupu. Nikasimama wima, nikatoa taarifa yangu kwa sauti ya kazi: upande wangu hakuna mzoga, hakuna mgonjwa, wanyama wote ni wazima na wana furaha.

Daktari akanitazama juu ya miwani. Akauliza kama nina hakika, maana majabali yale yana pimbi wengi na hiki ni kiangazi. Nikasema hakika kabisa.

Halafu akageuka akampa Chenge mkono. Mikono yote miwili! Akamwambia hiyo ndiyo kazi anayoitaka, na akamvika kofia yenye picha ya nyati. Kofia! Chenge amepita nayo mwaloni mara mbili, akiinamisha kichwa kila mtu amwone nyati.

Yaani kwa mama huyu anayefiwa ndiye hodari! Kweli siku hizi kila kitu ruksa. Nimemweleza Wilhelmina, akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia mimi nazungumzia kofia, yeye analeta methali.

Hata hivyo nimeelewa sasa. Daktari anataka mizoga. Mizoga ninayo. Iko ardhini tu.

Ijumaa, 11 Agosti

Namshitaki nani? Mbwa? Liaqat? Au dunia nzima?

Jana asubuhi nilikwenda kufukua hazina yangu. Mbwa wa Butimba walishanitangulia. Mashimo wazi, manyoya kila mahali. Nilibahatika pimbi mmoja, naye hakuwa kamili. Na Daktari kumbe alikuwa amevuka kwenda Kamanga, anarudi leo. Jua la Agosti unalijua. Nikafikiri barafu.

Mwenye barafu hapa ni Liaqat. Babu yake ndiye aliyefungua lile duka la mwaloni, na yeye anaongea Kisukuma kuliko Chenge. Ana friji kubwa la kulala, anauzia lambalamba na barafu za wachuuzi wa samaki. Nikamwomba aniwekee kifurushi cha nyama ya mbuzi. Akasema karibu, ndugu Ndalahwa, friji ni lako. Maneno yake hayo! Nikamfunga pimbi kwenye mifuko ya rambo, mmoja juu ya mwingine, nikamlaza vizuri chini ya lambalamba za waridi.

Leo Liaqat alipokwenda msikitini akamwacha binti yake Khushboo dukani. Wakaja wateja, akainama kuchukua lambalamba za chini. Rambo zikachanika. Alichokiona kilikuwa meno.

Nasikia yowe lilifika Igogo.

Nilipofika, Liaqat amesharudi kutoka swala, kanzu ameikunja mpaka magotini, lambalamba zote ziko mtaroni na nzi wanasherehekea. Alisema hajawahi kuona mtu mzima hovyo kama mimi. Alisema friji hilo baba yake alilinunua kwa tabu na leo limegeuzwa mochwari. Nikamweleza kwa utulivu kwamba hiki si najisi, hiki ni sayansi. Hapo ndipo alipoita watu. Nimelisafisha lile friji kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, tena kwa sabuni, hadharani, na Chenge amesimama pale na kofia yake anawaeleza wapita njia.

Daktari naye akafika. Nilidhani atafurahi. Wapi! Kwanza alinigombeza kwa kumshika mnyama aliyekufa kwa mikono mitupu. Pili akasema pimbi aliyezikwa, akafukuliwa, akatafunwa na kulowa rangi ya waridi hawezi kumwambia kitu. Ngozi imeharibika, hajui kilichomuua. Halafu akauliza taratibu: huyu alitoka upande gani?

Nifanyeje? Nilishasema upande wangu hakuna mzoga. Mtu akishasema hakuna, asimame kwenye hakuna yake. Nikasema nilimwokota mpakani, lakini zaidi upande wa Chenge.

Jumamosi, 12 Agosti

Daktari ameshinda majabalini upande wa Chenge akitafuta pimbi wagonjwa. Hakuwapata, wote wanene. Chenge ndiye aliyembebea begi, na tangu asubuhi hadi jioni walikuwa pamoja wakizungumza! Nani aliyempa nafasi hiyo? Mimi. Hakuna shukrani duniani.

Nimeamua tatizo ni mavazi. Mtu akivaa kaptula iliyofifia, hata akisema kweli haaminiki. Katika belo la Wilhelmina kulikuwa na koti jeupe, refu, la kidaktari kabisa, lina mfuko wa kalamu. Nikalivaa. Likanikaa!

Kituo cha kwanza kwa Liaqat, kumwomba radhi kama mtu mwenye cheo. Alinipokea vizuri, nisiseme uongo. Alikuwa amepoa. Akasema yaishe, jirani ni jirani, akaanza hata kunimiminia chai. Nikashukuru, nikageuka kuvuta kiti.

Chai ikaacha kumiminika. Nikageuka tena, Liaqat amesimama na birika mkononi, mdomo umebaki wazi. Khushboo amejifunika uso kwa mtandio na mabega yanatikisika.

Mgongoni mwa koti, jamani, kuna nguruwe. Mkubwa, mwekundu, anacheka, ameshika kisu na uma! Kumbe lilikuwa la muuza nyama huko Ulaya. Sasa hao Wazungu nao, ni nani anayeandika mambo mgongoni bila kumwonya mvaaji? Nimefukuzwa dukani kwa mara ya pili katika siku mbili. Wilhelmina amecheka mpaka akakaa chini. Mke wangu wa ndoa!

Jumatatu, 14 Agosti

Chenge amepewa buti.

Nimekwenda kumpeleleza, nijue anatoa wapi habari zote hizo. Nikajificha nyuma ya lundo la kokoto. Unajua anachofanya? Anakaa na akina mama wanaoponda mawe, anawasalimu kwa Kisukuma, mwangaluka mama, anauliza watoto, anauliza nyumbani, halafu anauliza kama wameona mnyama yeyote mgonjwa. Nao wanamwambia! Basi. Hiyo ndiyo akili yake yote. Kuuliza watu! Ujanja wa kikarani.

Mimi nina mpango wa kitaalamu. Kosa la pimbi wa kwanza ni kwamba alikuwa amekufa, na mfu huharibika. Dawa yake ni kumpeleka aliye hai. Mgonjwa, mzima, na magamba yake yote. Daktari amwone anavyojikuna, asahau habari ya tumbili. Nitasema amekimbilia kwangu kutoka kwa Chenge.

Nilitega kwa tenga na matembele. Akaingia yuleyule mkaidi wa siku ya Nanenane. Aliniuma kidole gumba, nikavumilia. Nikampakata kifuani chini ya shati hadi nyumbani, watu wasimwone.

Sasa sikiliza balaa. Naulizia Daktari, naambiwa amevuka leo asubuhi kwenda Ukerewe, harudi mpaka mwisho wa wiki! Hakuaga! Nitamweka wapi mnyama? Chumbani Wilhelmina analala. Jikoni anapika. Nikamweka stoo, ndani ya gunia la makoti na masweta ya daraja la kwanza, lile analowawekea wateja wa heshima. Kuna joto, kuna giza, kama pangoni. Ametulia. Nimempa matembele. Sina roho mbaya mimi.

Jumatano, 16 Agosti

Pimbi anaendelea vizuri. Yaani vibaya, ndivyo ninavyotaka. Anajikuna, anazunguka ndani ya makoti, asubuhi analalia hili, mchana analalia lile.

Nimerudi kutoka kutafuta matembele, Wilhelmina amefungua lile gunia! Bahati pimbi alikuwa amepanda juu ya boriti. Mke wangu ameuza kama hajawahi. Kwaya ya parokia imechukua masweta yote ya kijani kwa ajili ya Jumapili. Na koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu, koti la kiwaziri, unajua amemuuzia nani? Chenge! Ati alivae siku Daktari atakapomtangaza Msimamizi. Nilimuuliza Wilhelmina kama ana akili timamu, anamvika adui wa nyumba yake. Akajibu kwamba mteja hana chama, na kwamba Chenge alimtania na kumsaidia kukunja nguo, kitu ambacho mimi sijakifanya tangu tuoane.

Tumbo linaniwasha. Mbu wa mwaka huu ni wakali.

Jumamosi, 19 Agosti

Pimbi ametoroka!

Alitafuna kona ya mlango wa stoo akaenda zake. Siku ileile Daktari anarudi! Nilimlisha, nikamlaza kwenye nguo za Ulaya, nikamficha na jua, na hivi ndivyo anavyonilipa.

Wilhelmina amekuta mavi ndani ya mfuko wa jaketi. Akaniita kwa jina langu la ubatizo, dalili mbaya. Nikasema ni paka. Akauliza ni paka gani anayekula matembele. Nikasema paka wa siku hizi, baada ya mageuzi. Hakucheka. Alikuwa anajikuna mkono, na mimi najikuna tumbo, tukawa tunagombana huku tunajikuna kama watu wawili wanaopiga ala.

Aliniambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia mimi mbu wananiuma hata nikiwa kifua wazi.

Jumapili, 20 Agosti

Siku ya furaha! Nimemwona adui yangu akiadhibiwa na Mungu mwenyewe, nyumbani kwake.

Kanisa lilijaa. Kwaya imeingia na masweta ya kijani, inapendeza. Wakaanza wimbo wa kuingilia. Sauti ya kwanza ikajikuna shingo. Sauti ya pili ikajikuna kwapa. Mwalimu wa kwaya akipandisha mkono kuelekeza, anaushusha kujikuna mbavu, na waimbaji wanafuata, ndipo wimbo ukaenda wanakokujua wao. Padri alidhani ni mtindo mpya, akapiga makofi.

Na Chenge! Amekaa mstari wa mbele na koti la kiwaziri. Wakati wa mahubiri alianza kusugua mgongo kwenye nguzo, taratibu, macho amefumba. Mpaka kwenye Baba Yetu alikuwa ameikumbatia ile nguzo kinyumenyume. Nilicheka hadi nikatoka nje, na huko nje nikajikuna kidogo. Ni vipele vya joto tu.

Ninachosema ni hiki: nani atampa pikipiki mtu anayejisugua kanisani? Keshokutwa Daktari anachagua. Aliyebaki safi ni mmoja.

Jumanne, 22 Agosti

Naandika nikiwa nimepakwa dawa nyeupe mwili mzima, kama mtu anayekwenda kucheza ngoma. Nitaeleza kwa ufupi maana nikikumbuka napandwa na mori.

Ofisi ya kata, watu wamejaa. Pikipiki imeletwa mpaka mlangoni, imefutwa inang'aa. Mimi mstari wa mbele, shati la mikono mirefu, vifungo mpaka kooni. Chenge pembeni yangu na koti lake. Daktari akasimama, lakini badala ya kutangaza akawa anatutazama mikono. Akasema tangu arudi anaona watu wa Butimba wanajikuna sana, na angependa kila anayewashwa asimame.

Ilisimama kwaya. Wakasimama akina mama. Chenge akasimama. Mimi nikakaa imara. Ndipo Wilhelmina akasimama, na hakusimama kimyakimya.

Alisema yote! Jembe lenye udongo. Mashimo chini ya jabali kubwa, ambayo kumbe alikwenda kuyatazama siku ileile. Matembele yaliyokuwa yakiisha jikoni. Mavi kwenye jaketi. Alisema mume wangu alizika pimbi wagonjwa ili aonekane hodari, halafu akaleta mmoja nyumbani akamlaza kwenye biashara yangu, na nguo hizo nimewauzia ninyi bila kujua, nami naomba mnisamehe. Alisema hivyo mbele za watu, huku analia na huku ananinyooshea kidole. Mume wako wa ndoa, Wilhelmina! Siri ya nyumba!

Daktari akaniita mezani. Alinikwangua tumbo kwa kiwembe kidogo, akaweka unga wa ngozi yangu kwenye kioo, akachungulia kwenye hadubini. Akachungulia sana. Halafu akaniambia nami nitazame. Kuna kadudu mle. Kana miguu, kanatembea! Kanatembea kwangu kana kwamba kana hati ya kiwanja.

Akasema hiki ndicho alichokuwa anakitafuta tangu alipofika. Upele unaowaua pimbi majabalini, na sasa umevuka kwa watu. Alisema kama angeambiwa siku ya Nanenane angezuia watu wasifike kwenye yale mawe, na hakuna mtoto hata mmoja ambaye angewashwa. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Kulikuwa na mama mmoja kutoka kwenye kokoto amembeba mtoto mchanga, amejaa vipele hadi usoni, na watu wote walikuwa wanamtazama yule mtoto na kunitazama mimi. Nikatazama dari. Sijui kwa nini watoto wachanga wanaletwa mikutanoni.

Chenge ndiye aliyeshika tochi wakati nikikwanguliwa. Na alikuwa anachungulia.

Halafu ukafika uchaguzi. Daktari akasema Msimamizi wa Mwambao ni mtu ambaye watu wa kila upande wanapita kwake, wanampa habari, na yeye akijua jambo analisema hata kama linamuumiza. Nikaanza kusimama, maana mimi limeniumiza kuliko wote.

Amemchagua Wilhelmina.

Mke wangu! Muuza mitumba! Kwaya ikapiga vigelegele huku inajikuna. Chenge akavua kofia ya nyati, akaipigapiga kwenye goti, akaivaa tena. Ni mara ya kwanza tangu tujuane nimeona tunafanana.

Alhamisi, 24 Agosti

Wilhelmina ameshajua kuendesha. Jana aliangukia kwenye mtaro wa Liaqat, leo amefika mpaka Nyegezi na kurudi. Amepita mbele ya nyumba, akapiga honi, akanikumbusha belo. Nguo zote ameshazichemsha na kuzianika, mwaloni kumejaa makoti. Wateja wamerudi, tena wameongezeka. Liaqat anampa maji ya kuoshea pikipiki na kumwita Bosi.

Sikati tamaa. Daktari ametangaza jambo jipya. Mwezi ujao kuna mkutano mkubwa wa wanasayansi mjini, hotelini, wageni kutoka nchi za nje, na anataka kwenda na mgonjwa mmoja kutoka Butimba akaeleze ilivyokuwa. Atakaa meza ya mbele, na kitambulisho kifuani! Amesema atamchukua yule atakayekuwa amepaka dawa vizuri na kupona kabisa, awe mfano kwa wengine.

Wengine wamemsikiliza hivyohivyo. Mimi nimeshajifunza, hanipati tena. Mama huyu ukimpelekea uzima hana habari na wewe. Nilimpelekea ufuo mzima wenye furaha, akanitazama juu ya miwani. Sasa niende hotelini na ngozi laini, wanasayansi watazame nini? Hatasimamishwa mzima pale. Atasimamishwa mgonjwa wa kueleweka.

Na Chenge naye amegundua! Leo nimemkuta mwaloni amevua shati, anawaonyesha watu mgongo, ati upele wake ndio mkubwa kuliko wote, ati ndio ulioanza. Mwongo! Mwigaji! Pimbi nimembeba mimi kifuani, yeye amevaa koti tu. Watu wakasema kweli, mgongo wake umetisha kuliko tumbo langu. Nimetazama tumbo langu kwenye kioo, ni kweli limeanza kukauka. Ile dawa ya Jumanne ina nguvu mno.

Chupa iliyobaki nimeimwaga chini ya mpapai. Wilhelmina ameuliza kama nimepaka, nikamwambia nimepaka mpaka kwenye nyayo.

Kesho akishaondoka na pikipiki nachukua tenga na matembele, napanda jabali kubwa. Yule pimbi aliyetoroka upele wake ulikuwa hafifu.